Mlima Uliolambwa

Mpwa wangu ni mhudumu wa mezani kwenye meli ya watalii, zile zenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la hapa kwetu Katesh. Siku moja akanipigia simu. "Mjomba, huku kuna mama analipwa kuwafundisha wazee kuchora kwa rangi za maji. Siku ambazo meli haitii nanga popote, hawana pa kwenda. Wanajaa darasani!"

Maneno "hawana pa kwenda" yalininyima usingizi. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na sikuwahi kupata mwanafunzi asiye na pa kwenda. Wangu walikuwa na madirisha.

Bahari sina habari nayo. Nimepanda boti ya Unguja mara moja tu, nikatapika kuanzia Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi kulekule Unguja, na abiria wenzangu bila shaka bado wanasimulia habari zangu. Lakini sisi wa Hanang tuna abiria wetu. Wageni huja kuupanda mlima wetu wa mita 3,400 na ushee. Mmoja hupanda; mwenzake mwenye goti bovu hubaki chini. Kwenda na kurudi ni kuanzia alfajiri mpaka giza. Aliyebaki, soko la Katesh atalizunguka mara tatu, kisha atakaa kwenye kiti cha plastiki autazame mlima uliommeza mwenziwe. Nikasema, huyu ndiye wangu.

Majaribio niliyafanya Mbulu, nyumbani kwa dada yangu, tena mwezi wa saba. Rangi za maji hutaka tabaka moja likauke kabla hujaweka la pili, na Mbulu mwezi wa saba hata soksi hukaa kwenye kamba mpaka mwenyewe azisahau. Nikausogeza mchoro jirani na mafiga. Ulikauka, ndiyo, pamoja na moshi wake. Shemeji alipouona akanisifu kwa jinsi nilivyoipatia jioni. Nilikuwa nimechora saa tano asubuhi.

Darasa la kweli likaanza Katesh na wastaafu watatu kutoka Uholanzi, nchi iliyo tambarare kama meza, watu ambao mlima kwao ni kitu cha kusafiri ili kukiona. Rangi nilizinunua steshenari. Karatasi yenyewe ya kazi hii ni nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Mimi nilikuwa na manila, ambayo ikinusa maji tu hujikunja kama sambusa. Nikaibana pembe nne kwa mawe.

Nikawapa somo la kwanza: kwenye rangi za maji hatupaki nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Pale penye wingu, paache.

Saa tatu mlima ulikuwa wazi, kila korongo linaonekana. Saa nne lilikuja wingu moja, likaita wenzake. Mabaharia huiacha bandari. Sisi bandari ilituacha, tukabaki na brashi mikononi. Mama mmoja akaanza kuchora kiti. Babu wa Kiholanzi akaniletea karatasi isiyo na hata tone. "Mwalimu, umesema nyeupe ni karatasi. Huu ni Hanang wa saa nne na nusu."

Nilitafuta kosa sikuliona. Nikamwambia aweke sahihi.

Ili kuokoa heshima nikatoa ujuzi wangu wa mwisho. Ukinyunyiza chumvi juu ya rangi iliyo mbichi, kila punje hunywa maji yaliyo karibu yake na kuacha alama kama nyota. Na chumvi kwetu si ya kutafuta: Ziwa Balangida liko pale chini ya mlima, kiangazi maji yakikauka huacha chumvi nyeupe. Nilikuwa na mfuko mzima. Tukanyunyiza kwa ukarimu, tukaianika michoro juani, tukaenda kunywa chai.

Hapa lazima niseme rangi za maji zimetengenezwa na nini. Kinachoshika rangi ni gundi ya mgunga, na baadhi ya watengenezaji huongeza asali isikauke mno. Gundi ya mgunga, asali, halafu chumvi ya Balangida juu yake. Mimi nilidhani nimefundisha uchoraji, kumbe nimeandaa karamu.

Tuliporudi, ng'ombe mwekundu alikuwa ameshamaliza mteremko wote wa mashariki na anaanza kilele. Mama wa Kiholanzi alipiga picha. Babu aliikimbilia karatasi yake tupu, akaikuta salama. Haikuwa na chumvi.

Mwenye ng'ombe, mzee wa Kibarabaig mwenye shuka na fimbo, alikuja taratibu. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumweleza thamani ya kazi za sanaa. Hakunisikiliza. Alikuwa ameinamia mchoro wa yule mama, ambaye alipochoka na kiti alimchora ng'ombe kwa mbali.

"Pembe hizi si za kwangu," akasema.

Kisha akalifumbua domo la mnyama wake. Ulimi ulikuwa wa buluu mpaka kooni. Akaniangalia mimi, akautazama ulimi, akaniangalia tena.

"Mwalimu, huyu namkamua jioni. Maziwa yakitoka ya rangi hii, kwako napajua."

Jioni ile nilipitia njia ya nyuma.