Shosho Alipovuna Bustani

Mwanamke anayeshinda kutwa akipanga waridi kwa rula hataki kulikuta waridi jingine nyumbani jioni. Mama watoto anafanya kazi kwenye pakihausi moja kando ya Ziwa Naivasha, ambako shina la sentimita 40 halichanganywi na la 60, na la kimo kisichoeleweka hutupwa. Alipoamua kupanda maua yake mwenyewe, alipita waridi zote kwenye kitalu cha barabarani akachagua deizi, zile zinazoitwa marguerite: petali nyeupe, kitovu cha njano, na hakuna mnunuzi wa Ulaya atakayeuliza urefu wa shina lake.

Zilistawi bila kubembelezwa. Asili yake ni Visiwa vya Kanari, visiwa vya volkano, na udongo wetu nao ni majivu ya Longonot, mwepesi, maji hayatuami. Deizi hupenda hivyo, kwa kuwa mizizi yake huoza upesi kwenye tope. Tulichokuwa tukigombania ni maji. Ya kisima yana chumvi, kwa hiyo mtungi wa maji matamu uliposhushwa kwenye mkokoteni wa punda, maua yalihudumiwa kwanza, kisha chai, kisha mimi.

Sheria ya bustani ilikuwa moja: hakuna kugusa. Mtoto hachumi la kumpelekea mwalimu, mimi sipiti na panga. Matokeo yake, maua yaliyokauka yalibaki juu ya vichaka kama vifungo vilivyooza, mashina yakarefuka yakalala, na maua mapya yakaanza kuja kwa uchoyo. Mama watoto alilaumu jua. Alilaumu maji. Siku moja alilaumu hata punda.

Ndipo Shosho, mama yangu, aliposhuka kutoka Kinangop na gunia la viazi.

Mjue kwamba Shosho alinilipia karo kwa pareto. Kenya imekuwa na zao hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya pareto ya dunia ilitoka nyanda zetu hizi za juu: Kinangop, Molo, Ol Kalou. Ua lake ni jeupe, kitovu cha njano. Linachumwa, linaanikwa, linapelekwa kiwandani Nakuru kukamuliwa dawa ya kuua wadudu. Baadaye malipo yakachelewa msimu baada ya msimu, watu wakang'oa wakapanda viazi. Shosho aling'oa pia, lakini vidole vyake havikupata habari hiyo.

Asubuhi tulipotoka kwenda kazini na shuleni, alibaki peke yake na bustani iliyojaa, machoni pake, pareto iliyopitiliza. Tuliporudi, hapakuwa na ua hata moja. Yote yalikuwa yameanikwa juu ya gunia, yamesambazwa vizuri, vichwa vitupu bila vikonyo, kama anavyotakiwa kuchuma mkulima wa daraja la kwanza.

"Mama," mke wangu alisema, na sauti yake ilitoka mbali sana, "haya ni maua ya urembo."

"Pareto ni urembo," Shosho alijibu. "Ila mmechelewa kuchuma. Nusu yamekauka shambani."

Nilijaribu kusuluhisha. Nilimwonyesha kwamba pareto majani yake hukaa chini na vikonyo huchomoza juu, wakati hiki ni kichaka chenye matawi na shina linalogeuka mti. "Siku hizi hata mahindi yanabadilishwa," alisema. "Pareto itashindwaje?" Na kwa haki, hakuwa peke yake: kwa miaka mingi wataalamu wa mimea waliyaweka maua haya mawili katika jenasi moja, Chrysanthemum, kabla ya kuyatenganisha. Sikuona faida ya kumweleza mke wangu jambo hilo usiku ule.

Kukawa na ukimya wa kula ugali. Shosho alitwanga maua makavu akayanyunyiza kwenye banda la kuku kuua viroboto. Viroboto walinenepa. Alipopanda matatu kurudi Kinangop alikuwa bado anashuku ubora wa mbegu, si aina ya ua.

Kisha vichaka vikaanza kutoa machipukizi. Palipokatwa kichwa kimoja palitokea matawi mawili, na kila tawi na tumba lake. Kumbe deizi ikiachwa na maua makavu hushughulikia mbegu, ikinyang'anywa hujaribu tena. Bustani ikawa nyeupe kiasi kwamba majirani walisimama langoni kuomba vipandikizi. Mama watoto aliwapa, akiwaeleza kwa sauti ya mwalimu kwamba siri ni kuondoa maua yaliyozeeka. Nani alimfundisha, hakusema.

Maua hayo nayo yalipoanza kusinyaa, nilimsikia jikoni akipiga simu.

"Mama, hujambo? Unakuja lini tena? Kuna kazi kidogo huku."

Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia jibu vizuri. Shosho aliuliza kilo zilifika ngapi zile za kwanza, na pesa zake ziko wapi, maana alishawahi kuchuma pareto bila kulipwa na harudii tena.

Mama watoto alimtumia mia tano kwa M-Pesa.