Mkutano wa Funza

Jumamosi iliyopita mimi ndiye niliyekuwa ajenda. Msimamizi wa ploti yetu hapa Dandora aliwakusanya wapangaji kando ya bomba, akainua joho la kwaya la jirani yangu kama askari aliyenasa mtungi wa chang'aa. Lilikuwa kwenye kamba tangu Alhamisi, maana Julai hii nguo hazikauki. Chini ya ukosi kilining'inia kitu cha kijani chenye vitone vya dhahabu.

"Dada," jirani akaniuliza, bado kwa sauti ya soprano, "nimekukosea nini?"

Haikuwa hirizi. Alikuwa kipepeo anayejitengeneza. Kwenye madumu yaliyokatwa nimeotesha Gomphocarpus, mmea wa porini wa hapa kwetu, wenye matunda yaliyofura na kuota vinyweleo, ambayo watoto wa ploti wameyapa jina nisiloweza kuliandika. Utomvu wake mweupe una sumu ya moyo. Kiwavi wa kipepeo huyo, Danaus chrysippus, huila sumu hiyo akaihifadhi mwilini, na ndege akimmeza hutapika. Kiwavi akishanenepa huuacha mmea, akatafuta mahali pa kujitundika kichwa chini. Huyu aliona joho.

Nikaona niwaeleze yote. Kwamba hapa Nairobi majike wengi wa kipepeo huyu wamebeba bakteria aitwaye Spiroplasma, anayewaua watoto wa kiume wangali ndani ya yai. Kwamba jike wa namna hiyo huzaa mabinti watupu, na mabinti wakianguliwa huyala mayai ya kaka zao. Wanaume wa ploti wakanitazama, wakalitazama joho, wakarudi nyuma hatua moja.

Uamuzi: madumu yaondoke, na dobi nimlipe mimi.

Sawa. Ila jirani yetu mwingine ni jaa la taka lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Moshi wake unalala kwenye joho lilelile, na kwenye mapafu ya aliyelivaa. Huo haujawahi kuitiwa mkutano kando ya bomba, wala sijasikia anayemlipa dobi wake.

Hata mboga za mitoo nilizozipanda ili madume wachache waliosalia wa kipepeo huyo waje kuzifyonza zilichumwa, zikaliwa na ugali. Vidukari walimaliza kilichobaki.

Usiku ule mama mmoja wa ploti, mwenye wavulana watupu, alinigongea mlango taratibu. Alitaka kujua bakteria hao wanauzwa wapi.