Namna ya Kuzuru Bozhentsi Bila Kuaibika

Anza na miguu. Viatu vya kisigino virudishe kabatini. Bozhentsi ni kijiji cha milimani katikati ya Bulgaria, kama kilomita 15 kutoka mji wa Gabrovo, na vichochoro vyake vimetandikwa mawe yaliyolainishwa na nyayo za vizazi na vizazi. Mvua ikipita, mawe hayo huteleza kama mgongo wa kambare. Vaa raba zenye meno, kisha ukubali kwenda mwendo wa bibi harusi. Mtu anayekimaliza kijiji kwa dakika 20, simu mkononi, hurudi kwao na picha za uso wake mwenyewe.

Ukishapata mizani, inua kichwa utazame mapaa. Hapo ndipo Bozhentsi ilipo. Hutaona bati. Utaona vipande bapa vya mawe vya rangi ya majivu, vimelaliana kama magamba ya samaki, na uzito wake wenyewe ndio unaovishikilia. Mlima ulitoa mawe, baridi ikaleta theluji, na mafundi wakajibu kwa paa linaloweza kuubeba mzigo huo. Lakini paa la namna hiyo ni zito ajabu, kwa hiyo chini yake pakahitajika mbao za kweli kweli. Ndiyo maana nyumba hizi zina umbo lile: chini kuta nene za mawe, mahali pa ghala, duka au mifugo, juu fremu ya mbao iliyokandikwa na kupakwa chokaa nyeupe, na roshani ya mbao wanayoiita chardak, watu wakikaa humo kufanya kazi na kupunga upepo. Jiwe moja likichomoka juu, maji huingia. Maji yakiingia, mhimili huoza. Mhimili ukioza, paa lote hushuka na nyumba imekwisha. Nyumba za Bozhentsi hufa kuanzia kichwani. Basi usipande ukuta wala kuning'inia kwenye roshani ili upate picha. Nakuomba kwa dhati.

Ukielekezwa nyumba ya Baba Raina, usitafute mzee mwenye ndevu. Kwa Kibulgaria, "baba" ni bibi. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, nayo ni miongoni mwa zile za zamani zaidi kijijini. Ingia hapo kwanza, ndipo uende makumbusho ya pili, nyumba ya Doncho Popa, mfanyabiashara wa sufu aliyejaliwa mali. Ukigeuza mpangilio huo utaharibu hadithi, kwa maana kati ya nyumba hizi mbili ndipo unapoona kijiji kikitajirika: sufu, ngozi na nta ya nyuki zilitoka hapa kwenda sokoni, na fedha iliporudi, vyumba vikaongezeka. Haikuishia vyumbani. Mwaka 1839 walijenga kanisa la Nabii Eliya, na mwaka 1872 shule. Hesabu mwenyewe: Bulgaria ilitoka chini ya utawala wa Waosmani mwaka 1878. Kijiji hiki kilikuwa na shule miaka 6 kabla ya watu wake kuwa na dola yao. Mimi hiyo shule ningeiweka juu ya nyumba ya tajiri yeyote.

Wenyeji watakusimulia pia kwamba kijiji kilianzishwa na Bozhana, mwanamke wa ukoo wa kifahari aliyekimbia na wanawe baada ya mji wa Tarnovo kuanguka mikononi mwa Waosmani mwaka 1393. Hiyo ni ngano yao. Isikilize kwa adabu, usimkatize msimulizi kwa kumwomba ushahidi.

Sasa jambo linaloangusha wageni wengi: kichwa. Kwa desturi ya Wabulgaria, kutikisa kichwa kushoto na kulia ni kukubali, na kukiinua juu ni kukataa. Umeomba supu ya maharage, mama mwenye mkahawa akatikisa kichwa, nawe ukaondoka umenuna huku yeye anapakua! Na wengine wakiona mgeni hugeuza ishara ili wamrahisishie, mambo yakazidi kuchanganyika. Achana na vichwa, sikiliza midomo: "da" ni ndiyo, "ne" ni hapana. Ukiletewa rakia nawe hunywi pombe, omba airan, mtindi uliochanganywa na maji, unywe huku ukila banitsa, andazi la jibini, ikiwa ya moto.

Usiwapite watu wa Gabrovo bila kuwasalimu. Hao ndio mabingwa wa kujitania kwa ubahili: husimulia kwamba huwakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi na joto lisitoroke. Utani huo waliujengea makumbusho, Nyumba ya Ucheshi na Satira, iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 1972. Kwa hiyo ukiingia nyumba yoyote ya huku wakati wa baridi, funga mlango mara moja. Wewe huna hata mkia wa kukuchelewesha.

Kuna karatasi moja usiipige picha. Bulgaria nzima, mtu akifariki, jamaa hubandika mlangoni tangazo lenye sura yake na jina lake, na tangazo hilo hurudiwa siku ya 40, mwaka wa kwanza, na miaka inayofuata. Mgeni hudhani ni pambo la mlango wa kale. Ni msiba. Punguza sauti, upite.

Bozhentsi imekuwa hifadhi ya usanifu na historia tangu mwaka 1964, lakini tangazo la serikali halipandi juu ya paa kurudisha jiwe lililoteleza. Hupanda fundi, na fundi hulipwa. Kwa hiyo lipa kiingilio cha nyumba zote mbili za makumbusho, kula hapo hapo, lala usiku mmoja katika nyumba ya wageni chini ya mawe hayo. Na lango ulilolikuta limefungwa, liache limefungwa.