Seli ya Nane

Jumatatu
Gari la rimoti la mpwa wangu limeingia mtaroni hapa Amalemba. Rimoti ililia, usukani ukagoma. Nimeifungua mgongo. Ndani mna pakiti ya zamani ya nikeli-kadimiamu, seli nane zilizofungwa mfululizo, volti 9.6. Mita inasoma 8.6, na nikiwasha inashuka hadi 8.2. Nimepima moja baada ya nyingine: saba ziko hai, ya nane ni sufuri. Seli ikifa mapema, wenzake huisukumia mkondo kinyume hadi ivuje.

Jumanne
Imevuja. Unga mweupe umetanda kwenye vibati. Ni alkali inayounguza ngozi, na dawa yake ni asidi kidogo: nimeupangusa kwa pamba yenye maji ya ndimu, kisha spiriti. Jogoo wa jirani ameondoka na pamba. Nimemkimbiza mpaka akaiachia.

Waya wa hasi nimeuchuna ganda, shaba ndani ni nyeusi kama makaa. Risasi ya kulehemu haishiki shaba ya namna hiyo. Nimezidi kuuchuna, weusi umefika hadi kwenye plagi. Waya unatoka wote.

Jumatano
Fundi mmoja amesema nibadilishe ile moja tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Seli mpya kati ya saba za zamani hujaa na kuisha kwa zamu yake, na baada ya muda mfupi nyingine itageuzwa kinyume.

Mvua ya saa tisa imekuja saa nane. Chini ya mwavuli wa muuzaji nimeoneshwa seli za umbo lilelile. "Hizi ni kali kuliko zako, mwalimu." Ni za lithiamu, volti 3.7 kila moja. Nane zingetia volti 29.6 kwenye rimoti ya 9.6. Nimemrudishia. Duka la pili lina za nikeli-haidraidi za milliampea-saa 2000, zenye vibati vya kulehemu. Ninavitaka vibati hivyo, kwa kuwa kulehemu moja kwa moja juu ya seli huiunguza ndani. Ziko saba. Ya nane itakuja na matatu ya Kisumu.

Alhamisi
Matatu imepita na bahasha yenye seli hadi Webuye. Imerudi jioni.

Ijumaa
Nimelehemu, nimebadilisha waya, nimefunga kwa plastiki. Chaja ya zamani hutoa milliampea 60. Seli za zamani zilikuwa za 600, zikijaa kwa saa kumi na tano. Hizi zingehitaji takriban saa hamsini, kwa hiyo nimeazima chaja ya milliampea 200. Nimeichomeka saa moja usiku. Saa tano stima imepotea.

Jumamosi
Stima imerudi saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba zilizopotea nimeziongeza, chaja imetoka saa kumi na moja jioni. Pakiti inasoma 11.1. Nimeandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino.

"Anko, haijalia," mpwa wangu ameniambia. Gari limezunguka uwanja mpaka giza.

Mnunuzi wa vyuma chakavu ametaka kuipima pakiti ya zamani pamoja na sufuria iliyotoboka. Nimempa sufuria. Kadimiamu ni sumu, haifai kuchomwa wala kutupwa chooni. Pakiti iko ndani ya kopo lenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na watoto na jogoo, nikitafuta anayepokea betri za aina hiyo.