Sifa za Mkono wa Birika

Kwenye harusi zetu kila mtu hupata sifa yake. Mshereheshaji humsifu aliyetoa ng'ombe, aliyelipia ukumbi, shangazi aliyemmwagia bibi harusi noti za elfu kumi, hata mjomba ambaye ahadi yake ya laki mbili bado iko hewani. Sijawahi kusikia bahili akiitwa asimame apigiwe vigelegele. Basi acheni leo nimsimamishe mimi. Wala sitamwita mtu wa kiasi, au mtu wa bajeti, maana hayo ni manukato ya kumpaka ili akae na wageni. Namsifu bahili mwenyewe, mkono wa birika, yule anayezima taa ya chumba ambamo wewe bado umo.

Si mimi wa kwanza. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, aliwatungia mabahili kitabu kizima, na mapema tu katika kitabu hicho ameweka barua ya Sahl bin Harun, mtu wa Nyumba ya Hekima kule Baghdad, akiwajibu jamaa zake waliomlaumu kwa uchoyo. Kosa lake? Alitia nguo viraka, alishona viatu vilivyochanika, alimwagiza mjakazi aukande unga vizuri zaidi. Anajitetea hoja kwa hoja, kwa ufasaha wa kuogofya, mpaka msomaji hajui acheke au akatafute sindano. Al-Jahiz alikuwa anacheka, hilo halina ubishi. Lakini Baghdad yao haikuwa na mikopo ya simu. Ingekuwa nayo, nadhani jamaa zake Sahl wangekuja kumwomba nakala ya barua.

Nina mume na mke ninaowafahamu hapa Dar es Salaam, majina yao yabaki kwao. Wote wawili wana mishahara. Wahenga waliposema kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa wanapiga fumbo; hawa walikopa harusi kwelikweli, kwa riba, pamoja na keki ya ngazi saba na sare za kamati. Harusi ikaisha, mwendo wake haukuisha. Kadi za michango ziliendelea kuingia nyumbani: kitchen party, send-off, harusi yenyewe, kipaimara, na siku ya kuzaliwa ya mtoto asiyejua bado kutembea. Kila kadi ina kiwango chake, kila shughuli ina kitenge chake, na kitenge nacho kina fundi. Ijumaa nyama choma kwa sababu ni Ijumaa, Jumapili kwa sababu Jumatatu inakuja. Mshahara ulipofika ulikuta wenyewe wameshapanga foleni: kikoba cha mke, mchezo wa ofisini, Saccos, Mangi wa dukani, na mikopo ya simu ambayo kila mmoja alikuwa na yake na kila mmoja alimficha mwenzake.

Aliyegeuka bahili ni mke. Namwita shemeji, kwa hiyo nilisimuliwa na pande zote mbili. Jioni moja aliweka simu zote mbili mezani, akachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, akaanza kusoma ujumbe wa miamala kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, wa kwake kwanza. Hapa ndipo bahili anapowazidi mashehe, wachungaji na wasimamizi wa ndoa wote. Wao huwausia wanandoa wawe wawazi, kisha wanakwenda kula pilau. Hakuna aliyewahi kuwausia wasomeane kila muamala wa miezi mitatu. Nasikia walifika sehemu wakanyamaza kabisa, kisha wakacheka, kwa sababu siku moja walikuwa wamekopa wote wawili, kila mtu kwa siri, ili wachangie harusi ileile.

Mume alijitetea kama mwanaume. "Mama, na heshima yangu je?"

"Heshima yako ina riba, mume wangu."

Na riba hiyo ilihesabiwa. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Watu wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, kikomo hicho hawakijui, au wanakijua vizuri mno. Ukitaja asilimia 30 kwa mwezi mtaani hakuna atakayeshtuka. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na kila mwenye simu anajua programu za namna hiyo hufanya nini ukichelewa: zinawaandikia watu waliomo kwenye simu yako, bosi kwa mkwe. Sasa chukua laki tatu. Kwa kikomo cha Benki Kuu, usipolipa chochote kwa miezi mitatu na riba ikazaa riba, unadaiwa kama 332,600. Kwa kausha damu, laki tatu hiyohiyo imekuwa 659,100. Mtu aliyekopa ili asionekane na kadi ya shilingi 50,000 huku wenzake wana kadi za laki, mwishoni anaaibishwa kwa ujumbe mfupi mbele ya wale wale aliokuwa anawavalia suti.

Mkarimu akipata fedha humlipa nani? Humlipa anayemwonea haya. Mangi kwanza, maana anapita dukani kwake kila asubuhi. Kisha mwenzake wa ofisini, maana wanakula meza moja. Kausha damu hapigi kelele kabla ya siku yake, basi anawekwa mwisho, anaendelea kunenepa. Bahili hana haya, na hiyo ndiyo karama yake kuu. Shemeji aliwapanga wadai kwa ukubwa wa riba, si kwa ukubwa wa sauti. Mikopo ya simu ikatangulia, Saccos ikafuata, Mangi akaambiwa asubiri, atapewa elfu ishirini kila mwezi. Na kila asubuhi akawa anamsalimia kwa sauti kubwa, macho kwa macho, anamuulizia na watoto. Jaribuni ninyi kumsalimia hivyo mtu anayewadai, muone kama ni kazi ya mtu wa kawaida.

Sifa zake ndogo zikianza kuhesabiwa tutalala hapa. Umeme wa Luku ananunua kidogo kidogo ili nyumba nzima iwe na hofu. Friji haifunguliwi kwa kutafakari. Ukimwomba fedha kwa simu anatuma, lakini ya kutolea utajua mwenyewe. Kwenye kundi la kamati ya harusi anasoma kila kitu na hajibu. Alama mbili za bluu zinasimama pale siku nne, mwenyekiti wa kamati anamtaja kwa jina, naye yuko kimya, ametulia jikoni anakaanga dagaa. Mashujaa tunaowajengea sanamu walistahimili risasi. Sina hakika wangestahimili kutajwa mara tatu kwenye kundi la WhatsApp.

Tena tusijifanye hatumjui. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, watu wazima wenye vyeo walianza kubeba fedha taslimu na kupanda daladala ili wasikatwe. Tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 kabla mwaka haujaisha. Kwa miezi ile nchi nzima ilikuwa na mkono wa birika, na sikuona mtu akiona aibu. Ubahili wa wengi huitwa maoni ya wananchi. Ukifanywa na mwanamke mmoja nyumbani kwake, mawifi wanakaa kikao.

Walikaa, ndiyo. Mama mkwe alikuja wiki mbili akakuta sukari inapimwa, akasema mwanawe ameolewa yeye. Na ni kweli bahili ana ukali wake. Watoto walizoea kuuliza bei kabla ya kuuliza ladha. Mume alikunywa soda moja kwa kuigawa na mgeni, glasi mbili, chupa katikati kama mpaka wa nchi. Nyama choma ya Ijumaa ilihamia nyumbani, ikapungua, ikawa mishikaki, kisha ikawa habari ya zamani. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa chai pale ambayo majani yake, naapa, yalishafanya kazi asubuhi.

Lakini kwenye msiba sijamwona akipiga chenga. Rambirambi alitoa kamili, siku ileile, bila kadi wala kitenge, na akaenda kuosha vyombo. Nilipomuuliza kwa nini huku mkono unanyooka, alinitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha. Harusi wana kamati, alisema, na waliipanga wenyewe, aliyefiwa hakupanga. Wakarimu wengi ninaowajua hawajawahi kutenganisha mambo hayo mawili. Wanatoa palepale penye kipaza sauti, na kwa sehemu kubwa wanatoa mali ya mkopeshaji, ambaye hata kadi hakupelekewa.

Deni la mwisho kulipwa lilikuwa la Mangi. Mume alitaka washerehekee. Walisherehekea: kuku wa kienyeji mmoja, nyumbani, na shingo ikawekwa kwa ajili ya mchuzi wa kesho.

Sasa yupo binti wa mtaani anaolewa Desemba. Kamati ileile iliyomsema shemeji kwenye kundi ilikutana kuchagua mweka hazina, na majina yalipotajwa kila mtu alimkumbuka mweka hazina wa harusi iliyopita, aliyekuwa mkarimu sana, mcheshi, na ambaye mpaka leo hesabu zake hazijafika. Shemeji alichaguliwa bila kupingwa. Siku hiyohiyo keki ilishuka kutoka ngazi saba hadi mbili, magari ya msafara yakawa matatu, na mshereheshaji aliambiwa alete bei nyingine. Mwenyekiti alipouliza viburudisho vya wajumbe vitakuwaje, alijibiwa soda moja kwa kila kikao, na anayetaka ya pili Mangi yuko wazi mpaka saa nne usiku.