Uainishaji wa Miti ya Pambo katika Nyua za Kibiti na Delta ya Rufiji

Marekani waliwahi kuushabikia mpeasi wa pambo, hasa aina ya Bradford iliyoanza kusambazwa mwaka 1963: maua meupe, harufu ya samaki aliyechina, vijitunda visivyolika na matawi yanayopasuka kwa upepo. Jimbo la Ohio limepiga marufuku kuuza miche yake tangu 2023. Kibiti haustawi, kwani mpeasi hudai baridi. Ndugu zake wazaao peasi wako Lushoto. Harufu isingekuwa kikwazo, maana bandarini Nyamisati wangedhani ni mzigo wa kamba. Kikwazo kingekuwa swali la jirani, ambalo ndilo msingi wa uainishaji huu: "Sasa huu unazaa nini?"

Jamii ya kwanza ni Miashoki. Makazi yake ni lango la ofisi. Humea wima kwa mistari miwili, na kivuli chake humtosha mtu mmoja, tena mwembamba, anayehama kila jua linaposogea. Haiulizwi inazaa nini. Ni ya serikali.

Mkrismasi hutoka Madagaska, huwaka mwekundu ifikapo Desemba, na miezi iliyobaki huishi kwa sifa.

Jamii ya Mikungu ndiyo yenye utata. Mwenye nyumba huupanda mkungu kwa urembo: matawi hutanda ghorofa kwa ghorofa, majani huiva mekundu kabla ya kupukutika. Awali huja kiti chake mwenyewe. Kisha benchi ambalo hakuna anayejua limeletwa na nani. Hatimaye bao, kahawa, bodaboda tatu na mjadala wa bei ya korosho, ambamo mwenye ua husikilizwa kama mgeni. Watoto nao hugonga kungu kwa mawe wapate kokwa, hivyo hata dai la kutozaa huporomoka. Kwa maoni yangu huo si mti. Ni baraza lililoota.

Deltani mtunza bustani ni maji kujaa na kupwa. Mkomafi hubeba tunda kubwa la duara, zuri ajabu, lisiloliwa. Mbegu zake zenye pembe ukishazitoa hazikubali kupangika tena. Mkoko na mkandaa havihesabiki, vimekwishakuwa boriti.

Pambo halisi limeshuhudiwa humo mara moja, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha mwaka 1914 na kuvishwa matawi. Kazi ilikuwa safi, ila ilipangwa kwa mtazamaji aliye chini. Waingereza walileta ndege, na Julai 1915 meli ikaangamizwa.