Bango la Moyo na Baraza la Nyumbani

Wewe unayeishi na mke, watoto na mama mkwe chini ya paa moja, sogea karibu, maana wengine hawatanielewa. Klabu yetu ya mchakamchaka hapa Temeke iliniomba nichore bango la mbio za hisani: kilomita 5, kuchangia matibabu ya watoto wanaozaliwa na tundu kwenye moyo. Watoto hao hupasuliwa pale Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na mama muuza mihogo hawezi kubeba gharama zote peke yake. Kazi hiyo niliipokea kwa mikono miwili.

Bango halitaki maneno mengi. Abiria wa daladala analiona akiwa kwenye mwendo. Ajue ni nini, lini, wapi, na mchango autume wapi. Nikayapanga hayo kwenye karatasi ya A3, milimita 297 kwa 420, katikati nikaweka moyo mwekundu, juu nikaacha nafasi nyeupe.

Nafasi nyeupe haidumu kwetu. Mke wangu, Mama Bajeti, alipita na sufuria ya maharage akasimama. "Baba watoto, karatasi umeilipia nzima, huku juu mbona patupu?" Huyu ndiye aliyefunga mizigo ya kwenda Tanga hadi viatu vyangu vikajazwa vitunguu, na vyote vikafika salama. Akataka pale juu pawekwe uji wa lishe, kwa kuwa wenzake wa kikoba wameahidi kuupika siku hiyo. Nikachora bakuli.

Mapacha nao wakaja. Mmoja Simba, mwenzake Yanga, na tangu waanze kuongea hawajawahi kukubaliana hata rangi ya mswaki. "Moyo mwekundu ni wa Simba!" akalia wa Yanga. Nikamweleza kwamba hata moyo wa kipa wao ni mwekundu. Akaingia chini ya meza, akagoma kula. Ikabidi nyuma ya moyo nipake kijani kibichi.

Shemeji yangu, Profesa, akasema apeleke yeye steshenari. Akalituma bango kwanza kwenye grupu la familia, kisha akachapisha ile picha iliyokwishabanwa na simu. Herufi zikarudi zina ukungu. Kijani nacho kikawa cha mlenda, kwa sababu kioo cha simu huonyesha rangi kwa mwanga, mashine huchapa kwa wino, na kuna rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii. Yule wa Yanga akarudi chini ya meza.

Ndipo akatoka mama mkwe, tunayemwita Jaji. Miwani yake ilikuwa chumbani. Akaagiza karatasi ibandikwe ukutani, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akakunja uso.

"Uji nauona. Mbio ni lini?"

Kimya. Tarehe ilikuwa imesukumwa pembeni, chini ya bakuli. Uji ukatolewa palepale, na Mama Bajeti, ambaye jioni nzima hakunisikia, akaitikia "Sawa, mama." Jaji akataka tarehe iwe kubwa kuliko moyo. Kisha akaongeza neno ambalo klabu nzima hatukuliwaza: "Andika 'kukimbia au kutembea'. Mwenye magoti kama yangu naye ana mchango wake."

Nikaandika. Safari hii Profesa alikwenda na faili lenyewe kwenye flashi, na sasa bango limebandikwa kituoni, dukani na kwenye mlango wa saluni. Wanajiandikisha wazee wa mtaa ambao hatujawahi kuwaona kwenye mchakamchaka.

Jaji mwenyewe atatembea, na ameshaamua nani atamshika mkono na kumbebea kigoda. Kwa hiyo ndugu yangu, Jumapili ukituona nyuma kabisa ya msafara, tupungie, halafu toa chochote ulichonacho.